Mvua Ndefu Kibandani kwa Mama Clare

9 Machi, Jumatatu

Naandika kwa sababu sina mtu wa kumlalamikia, na malalamiko ninayo. Jana nimehamia Shauri Moyo: chumba kimoja katika nyumba za zamani za kanjo, yaani za baraza la jiji, bomba liko uani, choo ni cha watu wote. Kwa miaka kumi na minane nimetengeneza sofa, nikaanza na nyundo moja nikaishia na duka lenye madirisha ya vioo upande wa pili wa jiji. Mkataba wa duka niliuacha kwa jina la binamu yangu Sydney, kwa kuwa yeye ndiye aliyejua kuongea na mawakili. Mwezi uliopita Sydney akabadilisha kufuli. Hivyo ndivyo nilivyostaafishwa nikiwa na miaka hamsini na mmoja, bila hata soda ya kuagana.

Nimekuja na randa, misumeno miwili, cherehani ya kushonea vitambaa na godoro. Mpango ni kukarabati viti vya watu, kula kidogo, kuweka akiba, na kuondoka baridi ya Julai ikianza. Sikuja hapa kuzoeana na mtu.

10 Machi

Mkate na maziwa ya pakiti. Mia moja na hamsini, na njaa iko palepale.

12 Machi, Alhamisi

Leo pua imenipeleka mahali. Nyuma ya ukumbi wa mtaa, ukiteremka kuelekea mtoni, kuna kibanda cha mabati chenye benchi tatu zisizolingana. Mwenyewe ni Aoko, mama aliyetoka Yala, kule magharibi, ila hakuna amwitaye hivyo. Ni Mama Clare, kwa sababu ya bintiye aliye kidato cha nne katika shule ya bweni nje kidogo ya jiji. Ugali, sukuma wiki na matumbo: shilingi mia moja. Kule nilikotoka, kikombe kimoja cha kahawa kilikuwa mia nne, na unakinywa ukiwa na njaa.

Niliketi pembeni, mgongo nikiwapa wenzangu. Hao walikuwa watu wa mikokoteni wanaobeba mizigo ya soko la Gikomba. Nilipogeuka, mmoja wao, mrefu, shingo nene kama nguzo ya stima, alimaliza chakula akainua sahani tupu bila kusema neno. Mama Clare akamwekea bonge la ugali na upawa wa supu. Wa pili naye akainua. Wa tatu.

"Hiyo unawalipisha pesa ngapi?" nikamuuliza.

"Hiyo ni nyongeza tu. Wewe, Fundi, hutaki?"

Amejuaje mimi ni fundi? Labda ni vumbi la mbao kwenye nyusi. Nikamwambia nimeshiba. Sikuwa nimeshiba.

14 Machi, Jumamosi

Sina kazi, kwa hivyo nimezunguka. Jumamosi mchana ukumbini vijana hufanya mazoezi ya ndondi na mlango uko wazi kwa yeyote. Wasichana ndio wakali. Mmoja, si mkubwa kuliko debe, alimpiga mvulana ngumi ya mbavu hadi akakaa chini kufikiria maisha yake. Nimetazama saa mbili nzima na hakuna aliyeniuliza tiketi.

Nje, ukutani, wazee hucheza drafti kwa visoda vya chupa. Mmoja wao ni Mzee Owino, jirani yangu wa mlango wa tatu, aliyefanya kazi reli mpaka akastaafu. Aliniita: "Jirani, njoo ufungwe." Nikaenda, nikafungwa. Mara nne.

"Unacheza kama mtu anayeogopa kupoteza hata kimoja," akasema. "Toa kimoja, ule viwili."

"Mimi nimeshatoa duka zima."

"Kwa hivyo umezoea. Panga tena."

17 Machi

Mteja wa kwanza: kochi la kanisa, mguu umevunjika. Chapati na madondo, yaani maharagwe, themanini.

21 Machi, Jumamosi

Mvua imeanza kweli. Harufu ya vumbi lililolowa ilikaa dakika tano, kisha ikawa harufu ya mtaro.

Nakiri kwamba wiki hii nimekula vizuri kuliko mwaka mzima uliopita. Jumatatu omena, wale dagaa wa ziwani, zenye nyanya nyingi. Jumatano mrenda, ambao niliuogopa kwa sababu ya ule utelezi, Mama Clare akanicheka mbele ya watu: "Fundi, hiyo ni mboga, si gundi yako ya mbao." Jana Mzee Owino alinipeleka soko la Burma wakati wa jioni tukala mutura ya hamsini, ule utumbo uliojazwa nyama, moto, na kachumbari yenye pilipili iliyonitoa machozi. Akaniambia machozi ya pilipili ni ya bei nafuu, nilie sasa ili na ya Sydney yaishe. Sikucheka. Baadaye, nikifunga mlango wangu, nikacheka.

Yule mwenye shingo nene anaitwa Ndete. Kwa sheng yake ananiita "mzae wa sofa". Kila asubuhi akipita na mkokoteni kwenda sokoni humshushia Mama Clare kitu, kisha huendelea zake bila kusimama sana. Sijui ni nini, mimi huwa nanawa mikono wakati huo.

27 Machi, Ijumaa

Imenyesha siku sita. Watu wakila wanakula wamesimama chini ya ukingo wa paa, na wengine hawaji kabisa.

Leo alasiri kulikuwa hakuna mtu ila sisi wawili. Mama Clare alikuwa akichambua mboga za managu, akaniambia bila kuinua uso, "Fundi, wewe unajua hesabu. Niangalilie kama nitafika mwisho wa Mei."

Mwisho wa Mei ndipo kodi ya kiwanja cha kibanda inapolipwa, ya nusu mwaka kwa mkupuo. Akikosa, mwenye kiwanja ana mtu mwingine anayengoja. Hapo Mama Clare atarudi Yala, na Clare itabidi atoke bweni aende shule ya kutwa ya huko, katikati ya mwaka wa mtihani.

"Clare anajua?"

"Clare anajua hesabu za shule. Hizi zangu hajui, na hatajua."

Nimekubali kuangalia. Kusema kweli nimefurahi kuombwa. Tangu Februari hakuna aliyeniuliza jambo ambalo nalijua.

30 Machi, Jumatatu

Nimepiga hesabu usiku na mchana. Unga, mafuta, matumbo, makaa, kila kitu. Tundu nimeliona: nyongeza. Katika kila sahani nne anazouza, ya tano inaondoka bure, vipande vipande. Nilimwambia leo, mbele ya sufuria.

"Ukate nyongeza. Anayetaka zaidi anunue ugali wa ishirini. Kufika Mei utakuwa na kodi na akiba."

Alifuta upawa kwa aproni ingawa ulikuwa safi. "Hawa wanabeba mizigo, Fundi."

"Na wewe je, hubebi?"

Nililiona neno lile likimwingia. Niliona pia kwamba halikumfurahisha, ila nilikuwa na hakika. Namba zilikuwa sahihi.

1 Aprili, Jumatano

Leo Ndete ameinua sahani. Mama Clare akamwambia ugali ni ishirini. Ndete akatazama sahani, akatazama mvua, akasema "Sawa, mathe," akaishusha polepole. Akalipa cha kwanza akaenda. Hakuna aliyegomba. Nikamwambia Mama Clare: unaona?

6 Aprili, Jumatatu ya Pasaka

Mtaa mtupu, wengi wamekwenda mashambani. Kwaya ya kanisa la jirani wamefanya mazoezi ukumbini mvua ikipiga mabati, hakuna aliyemsikia mwenzake, wakaimba vivyo hivyo. Nimekaa nyuma mpaka mwisho.

8 Aprili

Watu wachache. Ni Pasaka bado, nimemwambia.

10 Aprili

Wachache. Mvua.

14 Aprili, Jumanne

Pasaka haiwezi kudumu siku tisa.

Watu wa mikokoteni hawaji tena. Si mmoja, wote. Na leo nimefika mapema kuliko kawaida nikaona jambo ambalo sikuwahi kuliona: mwuza maji anamshushia Mama Clare mitungi sita, naye anahesabu sarafu na kumlipa. Nyuma yake mwingine na gunia la makaa, analipwa pesa ya makaa na ya kubeba.

"Tangu lini unalipia kubebewa?" nikauliza.

"Tangu hesabu yako, Fundi."

Hakusema kwa ubaya. Ingekuwa nafuu angesema kwa ubaya.

Kumbe ndicho alichokuwa Ndete akishusha kila asubuhi nikinawa mikono. Maji aliyoyachota bombani kule juu, makaa aliyoyatoa Gikomba siku iliyotangulia kwa bei ya Gikomba. Hakuna aliyewahi kupanga hivyo. Mama Clare aliongeza ugali, wao wakiwa wanapita wanashusha, na hakuna aliyeandika popote. Mimi nimeingia nikahesabu upande mmoja tu.

Nimejumlisha upya. Anachookoa kwa nyongeza ni karibu nusu ya anacholipa sasa kwa maji na makaa. Hapo sijaweka sahani ambazo haziuzwi.

Sikumwambia. Nimesema mvua ikipungua watarudi. Kisha nimekuja nyumbani nikapiga randa ubao usiohitaji randa.

18 Aprili, Jumamosi

Sikwenda kwenye ndondi. Mzee Owino alinigongea. Nikamwambia naumwa kichwa. Akasema, akiwa mlangoni, "Watu wa mkokoteni siku hizi wanakula juu kule karibu na kituo cha mafuta. Chakula kibaya, lakini kingi." Kisha akaenda. Sikumwuliza, na yeye anajua sikumwuliza.

22 Aprili, Jumatano

Andiko hili litakuwa refu.

Ilinyesha toka jana magharibi bila kupumua. Asubuhi, kabla ya saa kumi na mbili na nusu, nilisikia kelele huko chini nikajua ni mto. Nilishuka na gumboti. Maji yalikuwa yameshapita benchi ya kwanza, meusi, yamebeba kila kitu ambacho jiji hili lilitupa wiki nzima. Mama Clare alikuwa ndani, maji magotini, bunda la unga kichwani.

"Toka!"

"Shika hii kwanza."

Nikashika. Nikapeleka kwenye ngazi za ukumbi, nikarudi. Sisi wawili. Meko hatukuweza kuyatoa. Gunia la makaa lilikuwa limeshalowa maji, tulilivuta likapasuka. Nilijua, kila nilipopanda ngazi zile, kwamba saa hiyo hiyo ndiyo mikokoteni hupita kwenda Gikomba. Mwezi mmoja uliopita wangekuwa watu sita, na mikokoteni mitatu, na kila kitu kingekuwa juu kabla maji hayajafika kwenye kifundo cha mguu.

Sufuria kubwa, ile ya ugali wa mchana, ilinyanyuka yenyewe ikaanza kwenda. Niliifuata mbio ukingoni. Niliishika mpini mara moja. Mpini ukateleza. Mara ya mwisho niliiona ikizunguka polepole kama mtu anayetafuta njia, kisha ikapita chini ya daraja.

Nikarudi. Mama Clare alikuwa ameketi kwenye ngazi, bunda la unga likiwa mapajani kama mtoto. Mvua ilikuwa imepungua. Hakulia. Ningependa angelia.

"Fundi, nafikiri nitakwenda tu," akasema. "Nimpigie mwenye kiwanja leo, asingoje Mei bure. Clare nitamfuata bweni nikamweleze kwa mdomo wangu."

"Amesajiliwa mtihani hapa."

"Najua alikosajiliwa."

Nikaketi ngazi ya chini yake. Nikamwambia yote: hesabu ya pili niliyoipiga tarehe kumi na nne, na kwamba niliificha siku nane kwa sababu sikutaka kuwa mtu aliyekosea. Nilimwambia kwamba nilidhani ninamwokoa na watu wanaokula cha bure, kwa vile mimi mwenyewe niliwahi kuliwa.

Alinisikiliza mpaka mwisho. "Wewe ulisema," akasema. "Lakini mwiko nilishika mimi. Nilijua haifai, nikakata. Nikajiambia, huyu amekuwa na duka la vioo."

"Duka lenyewe nilinyang'anywa."

Hapo akacheka, kidogo, kwa pua. "Hilo ningelikumbuka mapema."

"Nipe siku mbili usimpigie simu mwenye kiwanja."

"Za nini?"

"Sijui bado."

"Mbili," akasema. "Na hizo nitazihesabu mwenyewe."

23 Aprili, Alhamisi

Nimekwenda Gikomba kwa miguu, tope mpaka kwenye kifundo. Nimempata Ndete upande wa mbao, ameegemea mkokoteni, anangoja mzigo.

"Niaje, mzae wa sofa."

"Nimekuja kukwambia nyongeza niliikata mimi. Si Mama Clare."

"Tulijua."

"Mlijuaje?"

"Mathe hawezi kukata ugali hivyo. Ule ulikatwa na mtu wa futi na penseli." Wenzake wakacheka. Mmoja akapima hewa kwa vidole, kama mimi ninavyopima kochi. Wacha wapime.

"Kama mlijua, kwa nini mlimwadhibu yeye?"

Ndete akanitazama kana kwamba nimeuliza swali la mtoto. "Kumwadhibu vipi? Hakuna mtu amekasirika, buda. Mimi navuta kilo mia nne kutoka hapa mpaka Burma. Nikila nusu, nafika nusu. Tulikwenda penye kushiba, basi. Na ukienda kula kule, njia yako ni ile, hupiti kwa mathe tena."

Wiki tatu nimewaandikia hawa watu hasira ambayo hawakuwa nayo. Naona ni mazoea. Mwaka huu wote, mtu akiondoka nilipo, nimekuwa nikiamini ameondoka kwa sababu yangu.

Nikamweleza kuhusu mto, sufuria, kodi, Clare. Aliacha kuegemea.

"Mathe anataka kwenda Yala?"

"Nimemwomba siku mbili. Moja imekwisha nikitafuta njia kwenye tope hili."

Tukapatana palepale, kwa kelele, wote sita wakisema pamoja. Nyongeza irudi. Matumbo yapande bei. Nilitaja shilingi kumi na tano zaidi, Ndete akasema kumi, nikasema kumi na mbili, akaniuliza chenji ya shilingi mbilimbili itatoka wapi. Ikawa kumi. Nikamwambia sitaki aseme baadaye imemuumiza. Akasema, "Kumi haiumizi. Njaa ya saa tisa ndiyo inaumiza."

24 Aprili

Mama Clare amekubali. Kwanza amenikaripia kwa kuitangaza biashara yake sokoni kama mtumba. Kisha amekubali.

26 Aprili, Jumapili

Baada ya kanisa mikokoteni mitatu imeshusha mbao za mabaki kutoka Gikomba, zilizolipwa kwa pesa yangu, zikabebwa kwa ugali wa kesho. Nimeinua sakafu ya kibanda, futi moja na nusu juu ya alama ya maji. Ndete alishika upande wa pili wa msumeno. Mzee Owino alisimamia kutoka kwenye kiti, akitueleza jinsi reli walivyokuwa wakifanya, ambapo kwa maelezo yake hakuna jengo la reli lililowahi kupinda.

Majirani wamechanga sufuria. Si moja kubwa, ni tatu za kati, na moja haina mfuniko.

4 Mei

Mvua. Benchi zote nne zimejaa, za chini ya paa. Ya nne nimeitengeneza mimi.

12 Mei, Jumanne

Sydney alipiga simu. Mwezi uliopita ningemwambia maneno niliyoyapanga tangu Februari, na yalikuwa mazuri. Leo nimemwambia kitu kimoja: vibano vyangu vinne vya chuma vimebaki karakana, avitume. Akangoja mengine. Hayakuwepo, nilikuwa na gundi inayokauka. Amesema atavituma.

20 Mei

Vimefika vitatu.

23 Mei, Jumamosi

Ndondi. Yule msichana wa debe ameshinda pambano la mtaa. Nilipiga kelele mpaka Mzee Owino akaniuliza kama ni wangu.

29 Mei, Ijumaa

Mama Clare amelipa kodi. Ya nusu mwaka, mkupuo mmoja, na risiti amenionyesha kabla ya kuiweka kifuani. Hakubakiwa na akiba niliyomwahidi Machi. Amebakiwa na kiwanja mpaka Novemba, na Clare atafanya mtihani akiwa palepale alipo. Akaniambia, "Kesho ni siku ya wazazi kule shuleni. Sijawahi kwenda, huwa siwezi kufunga."

"Nenda. Nitakushikia."

"Fundi, unajua kusonga ugali?"

"Nimesonga mbao maisha yangu yote."

"Ndicho ninachoogopa."

30 Mei, Jumamosi

Jua limewaka toka asubuhi. Mama Clare ameondoka amevaa gauni la buluu na viatu vya kufunga, kapu la chapati na kuku mkononi, akigeuka kila hatua kunitajia kitu: chumvi, moto, yule wa kofia nyekundu asikopeshwe.

Ugali wa kwanza ulikuwa uji. Wa pili ulikuwa tofali, na Ndete alitaka kujua kama auvute kwa mkokoteni. Wa tatu ukatoka. Walikuja wote, nadhani wengine walikuja kutazama tu. Nilipakua mpaka mkono ukafa ganzi. Kisha sahani zikaanza kuinuka, moja hapa, moja kule, bila neno, na ukiwa upande huu wa sufuria unaona kitu ambacho benchini hakionekani: unaona nyuso. Sikuhesabu. Sikuweza, upawa ulikuwa hautulii.

Saa tisa ndipo nilipokumbuka kwamba mimi sijala. Sukuma hakuna, matumbo hakuna, supu imeisha. Nilichukua kijiko nikakwangua ukoko wa ile sufuria isiyo na mfuniko, nikaketi kwenye benchi, katikati, kati ya Mzee Owino na mtu wa mkokoteni ambaye bado simjui jina, nikala.

Ulikuwa umeungua kidogo. Mzee Owino aliomba kipande. Nikampa.